Wakia ya Benki Kuu, bangili ya mama

Hivi wadau, kwa nini hadi leo mama zetu wakitaka kuweka akiba ya dhahabu wanakimbilia bangili? Bangili ni pambo. Unapoinunua kwa sonara unalipia uzito na unalipia ufundi. Siku mtoto anatakiwa ada unairudisha dukani, sonara anaipima, ufundi hauhesabiki tena, halafu unaanza ubishi wa karati. Unatoka umenyolewa bila maji.

Sarafu haina ubishi huo. Uzito na usafi vimegongwa juu yake. Afrika Kusini walilijua hilo tangu 1967 walipotoa Krugerrand ya wakia moja, yaani gramu 31.1 za dhahabu halisi, na mwaka 1980 wakaongeza za nusu, robo na sehemu ya kumi ya wakia.

Sisi je? Mwaka 1974 Tanzania ilikuwa na sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma, katika mfululizo wa uhifadhi wa wanyamapori. Nzuri kweli, ila ililenga wakusanyaji wa sarafu, si muuza vitumbua wa Mbagala. Na tangu Oktoba 2024 wenye leseni za madini na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu nje wanatakiwa kutenga si chini ya asilimia 20 waiuzie Benki Kuu. Safi sana, taifa liwe na akiba. Lakini dhahabu ya Geita ikifaa kuwa akiba ya taifa, kwa mwananchi inageuka anasa?

Najua watakaonirukia: "Mwangalie Zimbabwe!" Haya, tumwangalie. Julai 2022 Benki Kuu yao ilitoa Mosi-oa-Tunya ya wakia moja, zaidi ya dola 1,800 kwa sarafu moja. Mwalimu wa Harare azitoe wapi? Novemba mwaka huohuo wakatoa ndogo, hadi sehemu ya kumi. Kosa lao lilikuwa kuanzia kwa matajiri. Ghana nao Novemba 2024 wakaja na sarafu ambayo ndogo yake kabisa ni robo wakia. Bado kubwa hiyo, jamani!

Siuzi ndoto hapa. Dhahabu haizai riba, na bei huanguka: Septemba 2011 wakia ilifika karibu dola 1,900, Desemba 2015 ilikuwa kama 1,050. Tena sarafu ikiwa ndogo, gharama ya kuipiga inakuwa nzito kwa kila gramu. Hapo ndipo serikali inapaswa kubeba sehemu ya mzigo, kama kweli inataka watu waweke akiba.

Ninachodai ni sehemu ya kumi ya wakia, gramu tatu na ushee, iuzwe kwenye matawi ya benki hadi Kahama na Tandahimba. Na bei ya kuinunua tena kutoka kwa mwananchi ibandikwe kila asubuhi, kama wanavyobandika ya dola. Kama hiyo ya pili haipo, basi wasihangaike kuipiga, tubaki na masonara wetu.