Habari za Kijiji Chako Ziandike Wewe



Sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kusoma barua ya mwanao aliye mbali. Unaweza kuandika jina lako badala ya kupiga dole gumba. Hiyo ni hatua kubwa. Leo nataka kukupa kazi nyingine ya kalamu. Nataka uandike habari za kijiji chako.

Huenda utasema, "Kijiji changu ni kidogo. Hakina historia." Mimi sikubaliani nawe. Tutazame kijiji kimoja cha pwani, kisha uamue mwenyewe.

Kijiji chenye kuta kubwa

Kijiji hicho ni Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi. Ukiwa Kilwa Masoko unakiona ng'ambo ya maji. Unavuka kwa mashua, na safari si ndefu.

Ni kijiji kimya. Kuna minazi na mibuyu. Kando ya maji kuna mikoko. Wavuvi hutoka na ngalawa zao. Maji yakipwa, wanawake hushuka pwani kutafuta pweza na chaza. Lakini karibu na nyumba za wanakijiji zimesimama kuta kubwa za mawe. Kuna msikiti mkubwa wa kale, kuna ngome, kuna makaburi na majumba yaliyobomoka.

Miaka 700 iliyopita Kilwa ulikuwa mji wenye nguvu. Dhahabu ilitoka Sofala, ambayo leo iko katika nchi ya Msumbiji. Dhahabu hiyo ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Nguo zilitoka Bara Hindi, na vyombo vya kauri vilitoka China. Watawala walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Sarafu ya Kilwa imepatikana Zimbabwe Kuu, mbali sana na pwani. Nyingine ziliokotwa Australia mwaka 1944.

Mwaka 1331 msafiri mmoja kutoka Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Aliusifu mji huo, na alimsifu Sultani Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Sultani huyo ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na bwawa lenye pembe nane.

Majumba hayo yalijengwa kwa vitu vya pwani hiyo hiyo. Mawe yalikuwa ya matumbawe. Chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe. Dari zilishikwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za kale ni vyembamba. Mkoko ndio uliopima upana wa chumba.

Si mambo yote yalikuwa mazuri. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, wakajenga ngome. Waliondoka mwaka 1512. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na mfanyabiashara Mfaransa wa kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Watumwa walipelekwa kufanya kazi katika mashamba ya visiwa vya Morisi na Réunion. Hiyo ni aibu, lakini ni historia. Anayeandika historia haandiki sifa tu.

Baadaye biashara kubwa ilihamia Kilwa Kivinje. Kisiwani pakawa kimya.

Nani aliandikwa, na nani alisahauliwa?

Sasa jiulize, tumeyajuaje mambo haya? Tumeyajua kwa kuta na vitu vilivyochimbuliwa ardhini. Tumeyajua pia kwa maandishi. Katika karne ya 16 mtu mmoja aliandika kwa Kiarabu habari za Kilwa. Nakala ya maandishi yake imehifadhiwa London. Humo mna hadithi ya wageni kutoka Shirazi walionunua kisiwa kwa nguo. Mna majina ya masultani, mmoja baada ya mwingine.

Wachimbaji wa mambo ya kale wamegundua kwamba kabla ya masultani hao, kisiwa kilikuwa na watu wake. Watu hao walifinyanga vyungu, walifua chuma na walivua samaki. Je, majina yao yako wapi? Hayapo. Mwashi aliyejenga msikiti mkubwa anaitwa nani? Hatumjui. Mwanamke aliyefinyanga chungu ambacho vigae vyake bado vinaokotwa ni nani? Hatumjui. Wale watumwa waliouzwa walitoka vijiji gani? Wengi wao hatuwajui.

Walioandikwa ni wakubwa. Wanyonge walisahauliwa kwa sababu hakuna aliyeshika kalamu kwa ajili yao. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mimi naongeza kwamba hata watu bila daftari hupotea bila habari.

Wewe, ndugu msomaji, una kalamu. Usikubali kupotea hivyo.

"Historia hailiwi"

Wako watu wasemao, "Sisi tuna shida ya maji na shida ya chakula. Historia hailiwi." Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tuitazame vizuri.

Kwanza, bahari inakula ardhi. Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufuko, na kuta zilikuwa zikianguka. Kazi ya kutengeneza ilifanyika, na mwaka 2014 magofu hayo yaliondolewa katika orodha hiyo. Bahari hiyo hiyo inaweza kula shamba la minazi na nyumba ya mtu. Mikoko hushika udongo na kuvunja nguvu ya mawimbi. Pia ni mahali pa kukulia samaki, kaa na kamba. Kijiji kilichoandika mahali ufuko ulipokuwa zamani kitajua bahari imekula kiasi gani. Kitajua mahali pa kupanda mikoko, na mahali pasipofaa kukatwa hata mti mmoja.

Pili, magofu ni mali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda. Ukitoa jiwe ukutani ukalijengee nyumba au ukalichome chokaa, umevunja sheria. Tena umewaibia wajukuu zako. Jiwe moja likitoka, mvua huingia, na ukuta wote hulegea.

Tatu, wageni huja kuyaona magofu, na hulipa. Ni haki ya wanakijiji kuuliza katika mkutano wa kijiji wanapata faida gani. Anayejua kusoma huomba hesabu, akaisoma mwenyewe. Anayejua historia ya kwao huwaongoza wageni mwenyewe, wala hangoji mtu wa mbali aje kuwaeleza.

Namna ya kuanza

Nunua daftari moja. Usingoje kijiji chako kiwe na magofu. Andika majina ya visima, na nani alivichimba. Andika majina ya miamba na mikondo ambayo wavuvi wanaijua. Andika njaa, mafuriko na magonjwa ambayo wazee wanayakumbuka.

Waulize wazee wawili au zaidi, wanaume na wanawake. Andika jina la kila msimulizi na tarehe uliyozungumza naye. Wazee wakitofautiana, andika maneno ya wote. Kama mzee hajui mwaka, muulize, "Wakati huo ulikuwa na umri gani?" Usiongeze chumvi.

Daftari likijaa, andika jingine. Moja liwekwe shuleni, ili watoto walisome. Wazee wetu wanapungua kila mwaka, na bahari haipumziki. Anza juma hili.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tunajua majina ya masultani wa Kilwa, lakini hatujui majina ya waashi?

2. Katika kijiji chenu kuna mahali gani pa kale? Nani anapatunza?

3. Taja wazee watatu ambao darasa lenu litawahoji. Nani atauliza, na nani ataandika?