Kukausha Maiti Si Hati ya Kutoka Misri

Kaberebere, pale magari ya Mbarara na ya kambi ya Nakivale yanapopishana, kuna hoja isiyochakaa. Watu wa ng'ombe, wawe Wahima wa hapa Isingiro, Watutsi wa Rwanda au Wanyamulenge waliokimbia Kivu Kusini, eti wote walitoka Misri. Ukidai ushahidi, unatajiwa wafalme: maiti zao zilikaushwa zikahifadhiwa kama za mafarao. Wanaoamini hivyo si wajinga, wengi wamesoma. Lakini hoja ni mbovu, na ubovu wake umeshaua watu.

Habari za wafalme hazikutungwa. Mwili wa Cyirima Rujugira, mfalme wa Rwanda wa karne ya 18, ulikaushwa ukatunzwa zaidi ya karne moja bila kuzikwa. Mwakiolojia Francis Van Noten alifukua kaburi lake mwaka 1969. Buganda nako mmisionari John Roscoe aliandika kwamba matumbo ya Kabaka yalitolewa, yakaoshwa kwa pombe, yakakaushwa na kurudishwa mwilini, kisha maiti ikafungwa kwa nguo za magome ya mti wa mutuba. Anayesikia hayo na kukumbuka Misri ana haki ya kuuliza. Kosa ni kujibu kabla ya kuchunguza.

Jibu hilo la haraka lilikuja na wageni. Mpelelezi Mwingereza Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai watawala wa maziwa makuu walitoka Uhabeshi, kwa kuwa hakutaka kukubali kwamba Waafrika wa hapa wangeweza kujenga dola. Kisha akaja Grafton Elliot Smith, bingwa wa anatomia aliyefundisha Cairo na kupima maiti za mafarao kwa mikono yake. Kazi yake ya 1912 juu ya maiti hizo bado inasomwa. Mwaka 1915 alivuka mpaka: akadai ufundi wa kuhifadhi maiti ulizaliwa Misri na kusambaa duniani. Leo tunajua kwamba Wachinchorro, wavuvi wa pwani ya kaskazini mwa Chile, walihifadhi wafu wao miaka 7,000 hivi iliyopita, karibu miaka 2,000 kabla ya Wamisri. Nani aliwapelekea somo hilo?

Mwakiolojia makini hatazami sura ya jambo akatosheka. Ramadan Hussein, Mmisri aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tübingen, alifukua huko Saqqara karakana ya kuhifadhia maiti ya karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo. Alikuta vyungu vilivyoandikwa majina ya dawa na maelekezo ya matumizi. Alifariki mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake walichapisha matokeo ya kupima mabaki ndani ya vyungu hivyo, na humo ulikuwamo utomvu wa miti ya misitu ya mbali, hata ya Asia ya kusini-mashariki. Maswali yao yalikuwa haya: walitumia nini, kwa hatua zipi, kwa nia gani? Tuyaulize na hapa.

Mmisri alikausha maiti kwa magadi ya Wadi Natrun. Magadi tunayo Afrika Mashariki, na chumvi ya Katwe imechimbwa tangu zamani. Kama mafundi wa Nile ndio waliotufundisha, mbona wafalme wetu walikaushwa kwa moto na kwa kukamuliwa maji, na magadi yakaachiwa chungu cha mboga?

Nia nazo zinapishana. Mmisri alitaka mwili ubaki mzima ili mwenyewe aendelee kuishi. Buganda waliondoa taya la Kabaka na kulijengea hekalu lake mbali na mwili. Muteesa wa Kwanza, aliyezikwa Kasubi mwaka 1884, ndiye wa kwanza kuachiwa lake. Rujugira alingoja zamu ya mfalme mwingine katika mzunguko wa majina ya kifalme. Na hapa Nkore, nyumbani kwa hao Wahima wanaosemwa, Mugabe, yaani mfalme, alifungwa katika ngozi ya ng'ombe na kupelekwa msitu wa Ishanje ili aoze, kwa maana iliaminika kwamba kutokana na kuoza huko atatoka simba. Farao angeona hilo ni maangamizi. Kwa Mnyankole ndiyo heshima yenyewe.

Ardhi pia inashuhudia. Ntusi, katika wilaya ya Sembabule, watu walifuga ng'ombe na kulima nafaka pamoja tangu karne ya 11 hivi. Vyombo na mifupa iliyofukuliwa huko inaonyesha jamii iliyokulia hapahapa. Hakuna alama ya msafara wa watawala kutoka Nile ya chini.

Nasema ubovu wa hoja hii umeua kwa sababu tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihubiri kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Aliyetangazwa kuwa mgeni wa milele ndiye aliyeuawa chini ya miaka miwili baadaye, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wanyamulenge wanaambiwa maneno yaleyale Kongo, na wengi wao wako Nakivale kwa sababu hiyo. Mwalimu anayesimulia hoja hiyo darasani kama sifa ya ukoo anampa jirani yake sababu ya kumfukuza.

Najua wapo wanaoipenda hoja hii kwa upande mwingine. Wamesikia habari za Cheikh Anta Diop, aliyetetea mwaka 1954 kwamba Misri ya kale ilikuwa ya Waafrika weusi, na wanaona kujihusisha nayo ni kujirudishia heshima. Misri ni Afrika, naafiki kabisa. Lakini Mugabe wa Ishanje hahitaji kukopeshwa babu na farao. Watu wake walifikiri juu ya kifo kwa akili zao, na mawazo yao yanastahili kuchunguzwa kwa bidii ileile iliyotumika Saqqara.