Kahawa Tungu Mtaa wa Kahawa Sukari

Nilikwenda kumjulia hali dada yangu akaaye Kahawa Sukari, kando ya barabara ya Thika, karibu na Ruiru. Jina la mtaa lilinichekesha, kwani kwetu pwani kahawa ni tungu. Utamu ni wa tende au kipande cha halua.

Mpwa wangu aliniamkia uso ameuinamisha. "Chunusi, mjomba. Zimenitia haya hata darasani siendi." Mkononi ameshika soda ya nusu lita, ya pili siku hiyo. Majirani wamemwambia ni uchafu, wengine wakasema ni kijicho. Amenunua mafuta ya kupaka ya njiani, na ngozi imembabuka.

Mimi si tabibu, lakini niliyoyasoma nayasema. Soda ya kadiri ile huwa na sukari ipatayo gramu 50, yaani vijiko vya chai 12. Sukari ya kunywa huingia damuni upesi. Mwili humwaga insulini kwa wingi, nayo huchochea ngozi kutoa mafuta. Mafuta yakiziba vitundu vya ngozi, chunusi huota. Mwaka 2007 wataalamu wa Australia walitangaza jaribio la vijana wa kiume 43. Waliopunguza vyakula vipandishavyo sukari upesi kwa wiki 12 walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao. Jaribio lilikuwa dogo, na balehe na nasaba zina sehemu yao. Basi tusiitwishe soda mzigo wote, wala tusimwite kijana mchafu.

Lakini nani aliyemzoeza? Ni sisi wazee. Harusini mgeni asipopewa soda hudhani amedharauliwa. Wakati wa kufuturu, sharbati hutangulia maji. Na mimi, nimlaumuye kijana, zawadi niliyomletea kutoka Mombasa ilikuwa kilo ya halua na chupa mbili za sharbati!

Naomba heshima ya mgeni isipimwe kwa sukari. Maji baridi pia ni ukarimu, na israfu tumekatazwa hata katika halali. Na mwenye chunusi zilizokithiri aende kwa daktari wa ngozi, asiende kwa muuza mafuta wa njiani.

Jioni nilimmiminia mpwa wangu kahawa. Akakunja uso: "Mjomba, tungu!" Nikamwambia, "Utazoea, mwanangu." Sharbati nimerudi nazo Mombasa.