Mzee Aende Shule



Mwenzetu mmoja, karani kwa miaka 18, ameomba nafasi ya kusomea digrii ya pili katika elimu ya siasa. Wengine wamemcheka ati anakwenda kukaa na watoto. Sisi hatucheki.

Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya Nairobi. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Hata hivyo, mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, akasoma, na mwaka 1956 akarudi kwa wafanyakazi. Hakuona haya kuwa mwanafunzi.

Kwa mwenzetu twasema: katika barua yako usiifiche miaka ya kazi. Andika mashauri uliyoyasikiliza na mapatano uliyoyapigania. Hayo kijana atokaye darasani hana.

Kwa chama twasema: tudai ruhusa ya masomo iandikwe katika mapatano yetu, maana karo ni nzito na tajiri hatoi likizo kwa hisani.

Lakini kisomo kisiwe ngazi ya kutukimbia. Tajiri huja mezani na wasomi wake. Nasi tuwe na wetu.