Malalamiko 2 yaligeuka 42,000: namna magazeti yanavyowasha hasira juu ya vichekesho vya redio

Siku ya Jumamosi tarehe 18 mwezi wa kumi mwaka 2008, idhaa ya Radio 2 ya BBC huko Uingereza ilirusha kipindi cha mchekeshaji Russell Brand. Mgeni wake alikuwa Jonathan Ross, mmoja wa watangazaji waliolipwa pesa nyingi sana pale BBC. Wawili hao walimpigia simu mwigizaji mzee, Andrew Sachs, aliyekuwa na miaka 78. Hakupokea. Basi wakamwachia ujumbe wa sauti, mmoja nyuma ya mwingine, wakisema mambo ya kitandani kati ya Brand na mjukuu wa mzee huyo. Walicheka, wakajifanya kuomba radhi, na kila radhi ikazidi kuharibu.

Kipindi hicho hakikuwa cha moja kwa moja. Kilirekodiwa siku chache mbele, kikasikilizwa na wakubwa wa kazi, kikapewa ruhusa, ndipo kikarushwa.

Baada ya matangazo, BBC ilipokea malalamiko mawili tu.

Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 26, gazeti la Mail on Sunday likatoa habari hiyo. Kesho yake malalamiko yalikuwa yamepita elfu moja. Kufikia mwisho wa juma hilo yalipita 30,000, na mwishowe yakazidi 42,000. Waziri Mkuu Gordon Brown alilaani. David Cameron, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, naye akasema lake. Tarehe 29 Brand akaacha kazi. Tarehe 30 mkuu wa Radio 2, Lesley Douglas, akajiuzulu, na Ross akasimamishwa majuma 12 bila mshahara.

Kisa hiki ni cha zamani, lakini kila mara kipande cha sauti au video kinapozunguka katika simu zetu hapa Goma, Bukavu, Uvira ao Beni, na watu wanaanza kudai mtu fulani afukuzwe, mimi hukikumbuka. Swali langu ni moja: kati ya malalamiko 2 na malalamiko 42,000, kulipita nini?

Hasira ilijengwa kwa hatua

Ni vigumu kuamini kwamba watu zaidi ya 40,000 walisikia kipindi, wakanyamaza siku nane, kisha wakakumbuka wote pamoja kukasirika. Wengi walikutana na maneno hayo gazetini. Hii ndiyo hatua ya kwanza: gazeti linabeba maneno kutoka kwa watu waliochagua kuyasikiliza na kuyapeleka kwa watu ambao hawangeyasikia hata siku moja. Msikilizaji wa Brand alijua anafungua kipindi cha namna gani. Msomaji wa Jumapili, akiwa na chai yake, alikutana na maneno makavu kwenye karatasi, bila sauti wala kicheko. Neno la redio likiandikwa huwa zito zaidi.

Hatua ya pili ni hesabu. Kila siku magazeti yalitoa idadi mpya ya waliolalamika, na kila idadi ikawa habari inayojitegemea. Mtu akisoma kwamba watu elfu kumi wamekasirika, anajiuliza kwa nini yeye bado ametulia. Analalamika, na kesho yake yeye pia anahesabiwa. Gazeti linaripoti moto, na wakati huohuo linaongeza kuni.

Hatua ya tatu ni wanasiasa. Mwandishi anapiga simu kwa mbunge ao waziri na kumwuliza anasema nini. Mwanasiasa gani atajibu kwamba hana maoni, wakati mzee ametukanwa? Anajibu, na jibu lake linakuwa kichwa cha habari cha kesho. Mwaka 2001 jambo hili lilionekana wazi zaidi. Televisheni ya Channel 4 ilirusha kipindi cha kejeli cha Brass Eye, kilichocheka namna vyombo vya habari vinavyoshughulikia unyanyasaji wa watoto kwa kelele kuliko kwa akili. Magazeti yalikishambulia, mawaziri wakafuata. Kisha waziri mmoja, Beverley Hughes, akakubali kwamba hakuwa amekitazama.

Nani anapata faida?

Hapa kwetu tunaijua BBC kupitia matangazo yake ya Kiswahili. Kule Uingereza ni kitu kikubwa kuliko hapo. Kila nyumba inayotazama televisheni inalipa ada ya mwaka, na mwaka huo ilikuwa pauni 139.50. Magazeti hayana ada kama hiyo. Yanaishi kwa wasomaji na matangazo ya biashara, na mwaka 2008 makuta hayo yalikuwa yakipungua huku watu wakihamia intaneti, ambako BBC inatoa habari bila kudai malipo ya ziada.

Kwa hiyo kwa magazeti mengi BBC ilikuwa mshindani sokoni. Wakati huohuo BBC ilikuwa na mpango wa kurusha video za habari za mikoa kwenye intaneti. Wenye magazeti ya mikoa waliupinga vikali, na mwezi wa kumi na moja wa mwaka huohuo baraza lililosimamia BBC likaukataa. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yalipangwa pamoja. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa akiandika juu ya makosa ya BBC alikuwa pia na duka jirani. Msomaji alistahili kulijua hilo.

Ndiyo maana mshahara wa Ross ulitajwa karibu kila siku: mkataba uliosemekana kuwa wa pauni milioni 18 kwa miaka mitatu. Mshahara huo haukuhusika na simu ya mzee Sachs, lakini uligeuza kosa dhidi ya mtu mmoja kuwa hasira ya kila mlipa ada.

Lakini gazeti halikudanganya

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusema kwamba magazeti yalitengeneza uongo. Hapana. Ujumbe uliachwa kweli kwenye simu ya mzee. Sachs alizaliwa Berlin mwaka 1930 katika familia iliyoukimbia utawala wa Wanazi, na Waingereza walimpenda tangu alipoigiza mhudumu Manuel katika Fawlty Towers. Hakustahili kusikia mambo ya mjukuu wake kwa namna ile. Wale malalamiko mawili ya mwanzo hayakumaanisha kwamba kosa lilikuwa dogo. Aliyeumizwa alikuwa mtu mmoja mwenye simu, na bila gazeti pengine jambo lingezikwa.

Ofcom, mamlaka inayosimamia redio na televisheni Uingereza, ilichunguza kwa miezi. Mwezi wa ine mwaka 2009 iliitoza BBC faini ya pauni 150,000. Tusome vizuri sababu zake. Pamoja na lugha chafu, Ofcom iliona kwamba maisha ya siri ya Sachs na mjukuu wake yaliingiliwa bila haki, na kwamba ndani ya BBC usimamizi ulikuwa umelegea: matakwa ya mchekeshaji yalipewa uzito kuliko wajibu wa kulinda watu. Maana yake, swali kubwa lilikuwa hili: nani alisikiliza kanda ile akasema ipite?

Swali hilo halikujaza kurasa za mbele kama sura za wachekeshaji wawili na mishahara yao. Tena, maisha ya mjukuu, yaleyale ambayo magazeti yalisema yameanikwa vibaya redioni, yalifuatiliwa na magazeti kwa majuma. Sachs mwenyewe alisema hatafuti kisasi. Kwa wakati huo hasira ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Na ile faini ilitoka katika makuta ya ada, yaani mifuko ya wananchi walewale waliokasirika.

Mwaka mmoja baadaye, fimbo ikageuka

Mwezi wa kumi mwaka 2009 mwimbaji Stephen Gately wa kundi la Boyzone alifariki. Alikuwa amejitangaza kuwa shoga. Kabla ya mazishi yake, gazeti la Daily Mail, la kampuni moja na Mail on Sunday, likachapisha makala ya Jan Moir iliyohusisha kifo chake na namna alivyoishi. Hasira ilienea kupitia Twitter, na malalamiko yakapita 20,000. Safari hii aliyelalamikiwa alikuwa gazeti.

Malalamiko hayo yalikwenda kwa tume ya malalamiko ya magazeti, iliyogharamiwa na magazeti yenyewe na ambamo wahariri walikuwa wajumbe. Mwaka 2010 tume iliamua kwamba gazeti halikuvunja kanuni. Hapakuwa faini. Watu 42,000 kwa redio walileta kujiuzulu na malipo. Watu zaidi ya 20,000 kwa gazeti walileta barua ya maelezo. Idadi ya wenye hasira, basi, si kipimo cha kosa wala cha haki.

Na sisi hapa?

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wazungu. Lakini sisi wa mashariki ya Kongo tunajua kuliko Waingereza kwamba kicheko cha redio kinaweza kuua. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1994, RTLM ilichanganya muziki, utani na chuki, na watu wakacheka huku majirani zao wakitajwa ili wauawe. Gazeti la Kangura lilikuwa limetayarisha njia. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu mhariri wa gazeti hilo na waanzilishi wa redio hiyo pamoja, katika kesi moja. Kwa hiyo hakuna anayetuambia kwamba utani ni utani tu.

Na kwa sababu hiyohiyo, sherti tujue kutofautisha. Mchekeshaji anayemcheka mkubwa ni kitu kimoja. Anayemdhalilisha mtu asiye na njia ya kujibu ni kingine. Anayelifanya kabila zima kuwa wadudu ni cha tatu, na hicho ndicho hatari. Tukivipigia vyote kelele ya kiasi kimoja, siku ya hatari ya kweli watu watakuwa wamechoka kusikia kelele. Zaidi ya hapo, wakubwa watatumia hasira yetu kufunga mdomo wa yule wa kwanza, anayewacheka wao. Kwetu kuna CSAC, baraza lenye uwezo wa kusimamisha kipindi. Baraza kama hilo linaweza kumlinda mnyonge, na linaweza pia kusukumwa na kelele za siku mbili.

Mimi pia niko ndani ya kosa hili. Nimewahi kuandika kwamba wakaaji wamekasirika, nikiwa na ujumbe wa WhatsApp wa watu saba, na wanne kati yao walikuwa kwenye kundi moja. Habari ilisomwa sana. Kesho yake kweli wakaaji walikasirika, na nikaona ni kama nilikuwa nimesema ukweli tangu mwanzo. Chuoni tulifundishwa kuhakikisha tukio. Hakuna aliyetufundisha kuhakikisha hasira.

Tangu hapo, kabla ya kuandika, najiuliza mambo manne, na msomaji anaweza kuyauliza pia kabla ya kutuma kipande kwa wengine. Nani hasa ameumizwa, na yeye mwenyewe anasema nini? Nimesikiliza kipindi chote, ao kipande kilichokatwa? Nani aliruhusu kirushwe? Na huyu anayenipa sababu ya kukasirika, anapata nini nikikasirika?

Andrew Sachs alifariki mwaka 2016. Magazeti yaliyoandika juu ya kifo chake yalikumbusha tena ile simu. Mzee aliyechekesha nchi kwa zaidi ya miaka 40 hakuachiwa hata siku hiyo kuwa Manuel peke yake.