Jiwe la Pomonda ni la Nani? Umiliki wa Jamii katika Mizani ya Mafundisho Jamii ya Kanisa

Barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 66 kutoka Mbinga imekwisha kufika Mbamba Bay, na ujenzi wa bandari mpya katika ghuba hiyo umeanza. Kwa miaka mingi mwambao wa Ziwa Nyasa ulilindwa na ugumu wa kuufikia. Aliyetamani kiwanja cha ufukweni alipaswa kwanza kuiteremka milima ya Umatengo kwa taabu, na wakati wa masika pengine asifike kabisa. Ulinzi huo sasa umeondoka. Wananchi wa Wilaya ya Nyasa wanayo haki ya kufurahia maendeleo haya, kwani wameyasubiri kwa muda mrefu. Hata hivyo, penye barabara na bandari bei ya ardhi hupanda, na bei ikipanda, kila jiwe na kila ufuko huulizwa mwenyewe ni nani.

Makala hii inalitazama swali hilo kwa kuanzia mahali pamoja, yaani Jiwe la Pomonda na bandari ya kale ya Liuli. Je, urithi wa namna hii uwe chini ya Serikali, chini ya mwekezaji, au chini ya wanakijiji wanaoishi kando yake?

Urithi wenye sura nyingi

Pomonda ni jiwe kubwa lililosimama majini karibu na ufuko wa Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay. Machoni pa Wajerumani lilifanana na ile sanamu ya Misri yenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu, nao wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Mwezi Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa na siku chache tu tangu itangazwe, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilitokea upande wa Nyasaland chini ya Kamanda Rhoades na kuishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba mataifa yao yamo vitani. Mwezi Mei 1915 Waingereza walirudi tena kuhakikisha kwamba meli hiyo haitawatisha.

Hapo hapo Liuli limo kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyetumikia watu wa ziwa hili kwa zaidi ya miaka 40 hadi kifo chake mwaka 1928. Kwa ndugu zetu Waanglikana mahali hapo ni pa sala. Kwa mwanahistoria ni uwanja wa vita, na kwa mvuvi jiwe lile ni sehemu ya ufuko anaoufanyia kazi. Kwa mgeni mwenye kamera ni mandhari.

Tukisema tu kwamba urithi huu ni wa wote, tunasema kweli, lakini hatujasema nani atafagia, nani atakataza, nani atapokea fedha na nani atatoa hesabu yake.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa mahali pa baadaye, sharti Waziri mwenye dhamana atoe tamko la kupafanya kumbukumbu iliyohifadhiwa. Mapigano ya Sphinxhafen yalitokea mwaka 1914, miaka 51 baada ya mpaka huo. Wanaoamini kwamba bandari ya Liuli inalindwa kwa sababu tu ni ya kihistoria hawana budi kuuliza kama tamko la namna hiyo lipo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inafungua mlango mwingine. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo tunapotaja umiliki wa kijiji hatusemi kwamba kijiji kinaweza kufanya lolote kipendalo. Tunasema kwamba Halmashauri ya Kijiji inaisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kijiji kinaweza pia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kikatenga eneo kwa ajili ya hifadhi na kutunga sheria ndogo za kulilinda.

Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwanakijiji anayeshawishiwa kuuza kiwanja kinachogusa maji, na mnunuzi anayejiandaa kujenga hapo, wote wawili wanapaswa kuijua namba hiyo.

Hoja za kuwapa wanakijiji dhamana

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni. Papa Pio XI aliieleza kwa uzito mwaka 1931 katika Waraka wake Quadragesimo anno: lile ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda vema, jumuiya kubwa isiinyang'anye, bali iisaidie pale nguvu zake zinapoishia. Naye Papa Fransisko, katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba pamoja na urithi wa asili upo urithi wa kihistoria na kitamaduni ambao nao umo hatarini, na kwamba jamii asilia zinapaswa kuwa wadau wakuu katika majadiliano kuhusu miradi mikubwa inayogusa ardhi yao.

Kanuni hii si ngeni katika nchi yetu. Wamatengo wa milima ya Mbinga wamelima kwa ngoro tangu enzi za mababu. Katika miteremko mikali hukata nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, kisha hufukia kwa udongo na kuacha mashimo yanayoshika maji ya mvua yasiubebe mlima kwenda bondeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Kyoto nchini Japani, walikuja kujifunza utaalamu huo. Walikuta pia kumbukumbu ya sengu, baraza la wanaume wa ukoo waliokula pamoja na kuzungumza mambo ya familia na ya ardhi. Ngoro zimelindwa kwa vizazi vingi na watu waliojua kwamba mlima ukiporomoka, njaa ni yao.

Hilo ndilo jambo la kwanza linalotetea umiliki wa jamii: aliye karibu huona mapema. Ufa wa kaburi, jiwe lililochorwa maandishi na wageni au uzio uliojengwa usiku ataviona mama anayeteka maji kabla ya ofisa yeyote wa Dodoma.

La pili ni masimulizi. Vitabu vya vita ile vimehifadhi majina ya meli na ya manahodha wa Kizungu. Watu wa mwambao huo, ambao vita ya wengine iliwakuta katika bandari yao wenyewe, hawatajwi kwa majina. Wanakijiji wasiposhika usimamizi, mgeni ataendelea kusimuliwa habari za Liuli kana kwamba Liuli haikuwa na watu.

Hoja za kuonya

Mizani ya haki ina pande mbili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akizungumzia umiliki wa mali, aliona kwamba mtu hutunza kwa bidii zaidi kilicho chake kuliko kilicho cha wengi, kwa kuwa katika cha wengi kila mmoja humwachia mwenzake kazi. Waswahili nao husema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Wakulima wa kahawa wa Mbinga wanaijua hoja hiyo bila kufundishwa. Ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ulianza katika miaka ya 1930 na kuwapa wakulima sauti sokoni. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kilichokuja baadaye, kilianguka katika miaka ya 1990 baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kwa hiyo mzee wa Mbinga akisikia maneno "mali yetu sote" huweza kukumbuka mambo mawili kwa wakati mmoja: nguvu ya kuungana, na uchungu wa kuona chombo cha pamoja kikizama.

Tena kijiji si malaika. Ndani yake wamo wenye nguvu na wanyonge, wenyeji na wahamiaji, wanaume wanaosemea koo na wajane wasioitwa kikaoni. Mkutano Mkuu unaweza kuhudhuriwa na wachache na kuidhinisha jambo ambalo wengi watalisikia baadaye. Umiliki wa jamii usiotazama hilo huweza kuwa umiliki wa watu watano wenye muhuri.

Tunalojifunza kwa jirani

Misitu ya kaya ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wa kaya waliendelea kuwa walinzi wa mila na miiko yake, lakini mila peke yake haikutosha mbele ya njaa ya viwanja vya ufukweni katika maeneo kama Diani. Kuanzia mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilizitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na tamko hilo likawapa wazee ngao ya sheria. Mamlaka ya wazee na tamko la Serikali vilihitajiana.

Hapa nchini, michoro ya miambani ya Kondoa iliandikishwa mwaka 2006. Pale Kolo wenyeji wameendelea kufanya matambiko yao kwenye miamba, na kunyunyiza pombe ya kienyeji kumewatia wahifadhi wasiwasi kuhusu usalama wa michoro. Mhifadhi anaiona rangi inayofifia, na mwenyeji anauona mwamba ulio hai. Kumfukuza mmoja ili mwingine abaki peke yake kungeuacha urithi huo nusu.

Kilwa Kisiwani nayo iliandikishwa mwaka 1981, ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Serikali ilileta wataalamu, marafiki wa nje walileta fedha, nao wananchi wa kisiwa walishiriki kazi na ulinzi. Wanakijiji peke yao wasingeweza kuzihimili kuta zile mbele ya mawimbi. Huo ndio upande wa pili wa kanuni ya auni, ambao mara nyingi husahauliwa: jumuiya kubwa inao wajibu wa kusaidia, na kuiachia jumuiya ndogo mzigo usiobebeka si kuiheshimu.

Masharti ya umiliki ulio hai

Kutokana na hayo yote, inafaa kusema wazi kwamba dhamana ya Pomonda na ya mahali pa namna yake ikabidhiwe kwa vijiji vinavyopakana napo, na mapema, kabla bei haijawa mwamuzi. Lakini dhamana hiyo inahitaji masharti manne.

Sharti la kwanza ni mpaka. Eneo lipimwe, liandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na sheria ndogo iseme kwamba halitauzwa wala kugawiwa kwa mtu binafsi.

Pili, wasimamizi wajulikane kwa majina na kwa muda wa utumishi wao, wakiwamo wanawake, vijana na wavuvi. Hapa onyo la Mtakatifu Tomaso linapata jibu: mtunzaji awe fulani anayeweza kuulizwa, na matunda yawe ya wote. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba katika kutumia, mtu ayahesabu aliyo nayo kuwa ya wote, tayari kuwashirikisha wahitaji.

Tatu ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ada ya mgeni, hata ikiwa ndogo, isomwe mbele ya Mkutano Mkuu pamoja na matumizi yake, ili watu waone kama imenunua madawati au imeyeyuka.

Nne ni msaada wa Serikali. Waziri aombwe tamko la ulinzi, na Halmashauri ya Wilaya ilete wapimaji, wanasheria na wataalamu wa mambo ya kale. Mwekezaji akija, akaribishwe kama mpangaji mwenye mkataba unaosomwa kwa Kiswahili, wala asiwe mwenye nyumba.

Kwa upande wa kaburi na kanisa la Liuli, kauli ya kwanza ni ya Waanglikana, nasi Wakatoliki tutakuwa jirani wema kwa kuiheshimu. Urithi wa mwambao huu ulijengwa na watu wa imani mbalimbali na lugha mbalimbali, na kamati itakayougeuza kuwa mali ya dhehebu moja au ya ukoo mmoja itakuwa imeuharibu kabla ya mwekezaji yeyote kufika.

Wajibu wetu waamini

Waamini walei wanaitwa kuyatakatifuza malimwengu, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ni sehemu ya malimwengu hayo. Ni vigumu kusikitika kwamba ufuko umeuzwa ikiwa siku ya kupiga kura hatukuwapo. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinaweza kulifanya jambo hili kuwa sehemu ya mazungumzo yao baada ya kusoma Neno: kuuliza kama kijiji kina cheti cha ardhi yake, kama mpango wa matumizi umeandikwa, na ajenda ya mkutano ujao ni ipi. Vijana wenye simu wanaweza kurekodi simulizi za wazee wangali hai. Wenye elimu ya sheria wanaweza kuwasomea wengine mikataba kabla ya dole gumba kutiwa wino.

Imani yetu inatufundisha kwamba dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, nasi tumekabidhiwa tuilime na kuitunza. Wakili mwaminifu katika Injili husifiwa kwa jinsi alivyotunza asivyo navyo kama vyake, naye hujua kwamba siku ya kutoa hesabu ipo. Watoto wa Liuli na wa Mbamba Bay watakaokua wakisikia honi za meli katika bandari mpya watatuuliza tulitunza nini, na yafaa tuwe na daftari la kuwaonyesha.