Jiko Bora na Moshi Wake
Lugha yetu haitenganishi kifaa na chumba: vyote viwili ni jiko. Aliyeoa husemwa kapata jiko, wala hakuna aulizaye kama lina dirisha! Jiko la Upesi, lililoenea Magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1990, kigae chake hufinyangwa na akina mama wa viungani mwa Kisumu, nalo hula kuni chache kuliko mafiga matatu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kuliita bora kwa kigezo cha kuni pekee ni kupotoka. Halina dohani, kuni mbichi zitafuka humo vilevile, na moshi utaishia mapafuni mwa mpishi na mtoto aliye mgongoni. Mnunuzi na akaushe kuni, atoboe ukuta chini ya paa, kisha ndipo alipie kigae.